Nilivyoweka Linux nyumbani Moshi, na waliotaka kunipoteza

Kuna kijana hapa kwetu Soweto, Moshi, ambaye mtaa mzima unamwamini kwa mambo ya kompyuta. Nilipomwambia nataka Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, hakufikiri hata sekunde: "Anko, weka Kali. Ndiyo Linux yenyewe hiyo." Mimi ni mtu wa barua pepe, YouTube na kuchapa mitihani ya mke wangu mwalimu! Linux ina matoleo mengi, na Kali ni ya wanaopima usalama wa mitandao, na walioitengeneza wenyewe wanasema kwenye maelekezo yao kwamba anayeanza Linux asianze nayo. Ushauri wa hivi ndio unaowatisha watu.

Kilichonisukuma ni Windows 10. Microsoft walifunga msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yangu ni ya zamani, RAM GB 4, Windows 11 haiitaki kabisa. Fundi mmoja mjini akaniambia nitupe, ninunue nyingine. Nitupe! Hela hiyo kwangu ni ada ya mtoto.

Nilianza na Ubuntu, toleo jingine la Linux. Inapendeza, lakini nikifungua kurasa tatu za intaneti kwa pamoja mshale unaganda. GB 4 ni kidogo kwake. Hasara sikupata, maana mifumo hii unaiwasha kutoka kwenye flashi na kuitumia jioni nzima bila kugusa diski. Ukiichoka unazima, unachomoa flashi, Windows yako iko palepale. Mbona hili watu hawalisemi mapema? Wanabishana tu upi ni bora.

Nikatulia kwenye Linux Mint, toleo la Xfce. Imejengwa juu ya Ubuntu ila Xfce, yaani sehemu inayochora madirisha na menyu, ni nyepesi, na menyu iko chini kushoto kama tulivyozoea, hivyo mama watoto hakuuliza kitu. Faili lake la kupakua ni karibu GB 3, subiri bando la usiku. Nililiandika kwenye flashi ya elfu kumi na kitu kwa programu ya Rufus, kisha nikaiweka Mint kwenye diski, kando ya Windows. Kabla ya hapo hamisha picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje, hilo silijadili.

Sasa waifai. Mfumo umekaa vizuri, nabonyeza alama ya mtandao, hakuna waifai hata moja, hata ya jirani ambayo huwa inafika mpaka jikoni. Kadi yangu ni ya Broadcom, na nyingi za hizo zinahitaji kiendeshi, yaani programu ya kuifanya kadi ielewane na mfumo, kinachopakuliwa kwenye intaneti. Yaani ili upate intaneti, uwe na intaneti! Yule kijana akasema ninunue kadi ya nje. Nikamjibu subiri kwanza. Nikachukua simu yangu ya Android, nikaichomeka kwa waya uleule wa kuchajia, nikaingia kwenye mipangilio na kuwasha kusambaza mtandao kwa USB. Papo hapo Mint ikaandika imeunganishwa, ikidhani nimechomeka waya wa mtandao. Na utamu wenyewe ni huu: simu ilikuwa kwenye waifai ya nyumbani, kwa hiyo hata bando langu halikuguswa. Nikafungua Driver Manager, sehemu ya Mint ya kuweka viendeshi, nikachagua cha Broadcom, nikaweka nenosiri ililoniomba, nikawasha upya.

Hapo inatokea skrini ya bluu. Usiikimbie! Chagua Enroll MOK, uandike nenosiri lile uliloliweka. Ukiiacha ipite, kiendeshi hakitafanya kazi na utalaumu Linux bure. Skrini hiyo huja kama Secure Boot imewashwa, yaani ulinzi wa mashine unaokataa programu isiyoidhinishwa wakati wa kuwaka; hapo ndipo unakiidhinisha kiendeshi.

Kituko kingine: nikirudi Windows, saa iko nyuma. Saa kumi jioni yenyewe inasema saa saba mchana. Tofauti ni saa tatu kamili, ambazo ndizo Tanzania tunazoitangulia saa ya dunia ya UTC. Linux huandika UTC kwenye saa ya ndani ya mashine, Windows inaisoma ikidhani ni ya hapa. Fungua dirisha la amri upande wa Mint, andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Kwisha.

Mitihani tunachapa kwa LibreOffice, inayofanya kazi za Word. Ya zamani ya Word ilifunguka, majedwali machache yakasogea kwa sababu fonti ya Calibri haipo. Nikaongeza fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule, yakarudi. Ukipeleka steshenari, peleka PDF, usipeleke faili la kuhariri.

Washa pia Timeshift ikutunzie nakala za mfumo. Kijana naye amekuja juzi kuniomba flashi ile. Kompyuta ya mama yake haioni waifai, na ameshaiwekea Kali.