Vikaratasi 48 mezani

Ijumaa, usiku.

Nimerudi na vikaratasi 48 ndani ya bahasha, na mpaka saa hizi usingizi hauji kwa sababu ya kimoja tu.

Leo tulicheza mchezo wa ziwa. Wanafunzi 24, vikundi 4, na juu ya meza ya katikati vifuniko 20 vya chupa ambavyo tulikubaliana kuviita samaki. Kila raundi kikundi kinaandika kwa siri kinataka samaki wangapi, wasizidi 5. Wakishavuliwa, waliobaki wanazaliana: idadi yao inazidishwa mara mbili, ila ziwa halibebi zaidi ya 20. Maombi yakizidi samaki waliopo, waliopo wanagawanywa sawasawa. Basi. Hakihitajiki kitu kingine, isipokuwa mwalimu anayeweza kunyamaza, na kwangu hilo ndilo gumu kuliko yote.

Mchezo wa kwanza vikundi havikuruhusiwa kusemezana. Vikaratasi vikaja: 5, 5, 4, 4. Wakabaki samaki 2, wakawa 4. Raundi ya pili wote wakaandika 5, kila kikundi kikaambulia 1, ziwa likakauka. Jumla ya mavuno, 22. Nikaiandika ubaoni na sikusema neno. Ulipita muda mrefu kabla mmoja hajauliza, taratibu, kana kwamba anajiuliza mwenyewe: "Kwani tungeacha 10 kila mara, si wangekuwa wanarudi 20 kila mara?"

Hapo nikawapa dakika tano za kuzungumza, vikundi vyote pamoja. Napenda sana sehemu hii, kwa sababu 10 haigawanyiki kwa 4. Hesabu peke yake haiwatoi, lazima wapatane. Mmoja akasema kila kikundi kichukue 2 na mbili za ziada ziachwe. Mwingine akakataa kata kata: kwa nini tuache kisicho na hasara? Mwishowe wakapanga zamu: vikundi viwili vichukue 3, viwili vichukue 2, raundi inayofuata wabadilishane. Mimi sikuwafundisha zamu. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuchunguza wavuvi, wachungaji na wakulima wa umwagiliaji waliojiwekea taratibu za namna hiyo wenyewe, mali ya wote isiangamie. Kulisoma jambo hilo ni kitu kimoja. Kuwaona watoto wanalifikia kwa kubishana ni kitu kingine kabisa.

Kosa langu likawa kuwaambia kwamba mchezo wa pili una raundi 10.

Raundi nane zikaenda kama walivyoahidiana, kila kikundi kina samaki 20. Raundi ya tisa kikundi kimoja ambacho zamu yake ilikuwa 3 kikaandika 5. Darasa likalipuka. Wakajitetea bila kutikisika: "Raundi ya 10 kila mtu atachukua 5, hakuna kesho ya kuogopa. Sisi tumetangulia tu." Msichana wa kikundi cha jirani akawajibu, "Basi na sisi tungetangulia ya nane. Na wengine ya saba. Tungerudi kulekule." Ametoa kwa sentensi tatu hoja ambayo nilikuwa nimeiandalia nusu kipindi. Raundi ya mwisho wote wakaandika 5.

Jumla ilikuwa 108, na kwa raundi 10 isingeweza kuzidi 110. Kwa hiyo samaki waliopotea ni 2 tu. Lakini wale wa vikundi vitatu walitoka darasani bila kuwatazama wenzao, na hilo limeniuma, kwa sababu mwisho unaojulikana niliuweka mimi. Na nilipaswa kujua. Robert Axelrod, mtaalamu wa sayansi ya siasa, alipoalika wataalamu watume programu za kompyuta zishindane katika mtanziko wa wafungwa (mchezo wa wawili ambao kila mmoja hufaidi zaidi akimsaliti mwenzake, lakini wakisalitiana wote wawili huumia kuliko wangeshirikiana), shindano la kwanza lilikuwa na hatua 200 zinazojulikana. La pili aliuficha mwisho kwa makusudi, ili mtu asivizie hatua ya mwisho. Katika yote mawili ilishinda programu fupi ya Anatol Rapoport: anza kwa kushirikiana, kisha mfanyie mwenzako alichokufanyia hatua iliyopita. Wiki ijayo nitatupa dadu kila raundi ikiisha. Ikija 1, mchezo umekwisha.

Sasa kile kikaratasi. Ni cha raundi ya kwanza kabisa, mchezo wa kwanza. Katikati kuna 5 kubwa, kalamu nyeusi, imekolezwa mara mbili. Pembeni chini, kwa penseli, herufi ndogo mno: 20 − 10 = 10, 10 × 2 = 20. Juu yake pamepitishwa mstari kwa ile kalamu nyeusi.

Kwa hiyo kulikuwa na mtu aliyeliona kabla samaki hata mmoja hajavuliwa. Ama hakusema, ama alisema akazimwa. Nilipokuwa nazunguka nilisikia sauti ya mmoja tu pale, nikadhani kikundi kimekubaliana, nikapita. Nimelinganisha mwandiko na madaftari niliyo nayo hapa nyumbani, hayapo yote.

Nimechukua mkasi. Wiki ijayo kila mmoja ataandika namba yake peke yake kwanza, na kikundi hakitafungua mdomo mpaka vyote sita vimelala mezani, vimefunuliwa. Vikaratasi 24 kwa raundi moja. Nimefika cha 60.