Kima, vidaka na polo la makaa

Jumapili nilikwenda shamba kwa mjomba. Gesi iliniishia katikati ya mwezi, na mjomba alishanambia kwamba jirani yake ana makaa mazuri, ya kibali, si ya kukimbizana na askari wa msitu. Nikakunja polo tupu, gunia la kutilia makaa, nikalisukuma chini kabisa ya mkoba, nikapanda gari 310 ya Makunduchi pale Mwanakwerekwe. Mtu anayejigamba mjini kwamba kazaliwa ukingoni mwa Jozani anakwenda huko huko kununua makaa. Najua. Ndiyo maana nililikunja vizuri.

Kwa asiyepajua: ukishaipita miembe ya Bi Khole pale Bungi, ukaendelea kusini, unafika mahali ambapo baridi inaingia ghafla madirishani na watu wanaacha kujipepea. Hapo ni Jozani, kama kilomita 35 kutoka mjini. Maji ya ardhini yapo karibu, masika yakikolea msitu unasimama ndani ya dimbwi, mitondoo na michikichi na mikindu yote miguu majini. Serikali iliufanya msitu wa hifadhi mwaka 1960. Mwaka 2004 ukaunganishwa na mikoko ya Ghuba ya Chwaka, ikawa Hifadhi ya Taifa, ya pekee Zanzibar nzima, eneo la kilomita za mraba 50 hivi. Mtalii anasimama saa moja akiwa njiani kwenda Paje: anapiga picha ya kima punju, anatembea juu ya daraja la mbao kwenye mikoko, anaondoka. Sisi wa vijiji vya pembeni tunabaki na kima.

Mjomba nilimkuta barazani anasuka dema, mtego wake wa samaki. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, umekonda, mjini hamli?" Kila mara ndilo swali lake, hata mwaka niliokuwa mnene nikashindwa kufunga kanzu ya Idi. Mkaza mjomba alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, ameshaepua, amemwaga majivu chini ya mti wa mkungu.

Kima walikuja saa nne hivi, kundi zima, juu kwa juu. Kwanza unasikia matawi, halafu unaona mikia inaning'inia. Sijui nimewaona mara ngapi tangu utotoni, na bado huwa naacha ninachofanya. Mgongo mwekundu wa kutu, mabega meusi, tumbo jeupe, doa la waridi puani na mdomoni, na zile nywele nyeupe zinazouzunguka uso kama kikongwe aliyeamka bila kuchana. Mkononi gumba hana, amebakiwa na kinundu tu, lakini akishika tagaa kwa vidole vinne vyake haliachi. Duniani kote hapatikani kwa asili ila kisiwa hiki cha Unguja na visiwa vidogo vya pembeni yake. Miaka ya sabini walipelekwa wachache msitu wa Ngezi, kisiwani Pemba; hawajaongezeka sana.

Jike mmoja akashuka hadi chini, mtoto kamng'ang'ania tumboni. Akachakura majivu, akaokota kipande cha kaa, akakitupa, akaokota chengine, akakinusa, akapanda nacho hadi tagaa la kwanza. Akakaa kitako, akakitafuna. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia: kru, kru, kama mtu anayetafuna kashata ya jana. Mtoto akanyoosha kidole, akagusa vumbi jeusi kwenye mdomo wa mama yake, akalamba.

Jambo hili watafiti wameliandika tangu mwaka 1997. Kima punju tumbo lake ni la kuchachulia majani, na matunda mabivu matamu hayamfai. Anataka majani machanga na matunda mabichi. Wale wa ndani ya msitu wana miti mingi ya kuchagua. Hawa wa mashambani wanaishi kwa majani ya mikungu na miembe, ambayo yana lishe nzuri lakini pia yana kemikali zinazoukorofisha usagaji wa chakula. Kaa linazinyonya. Na watoto wanajifunza kwa kuwatazama mama zao, kama nilivyoona. Mkaza mjomba hakusubiri mtafiti yeyote. "Wanavimbiwa," alisema akichambua mchele. "Weye ukivimbiwa hutafuti tangawizi?"

Wazee wa zamani hawakuwa na huruma hiyo. Jina lenyewe, punju, linabeba sumu ndani yake. Walisema mti anaoshinda kima haustawi, na harufu yake ni ya uchawi. Bibi yangu akimwona shambani alikuwa anatema mate kwanza, ndipo anaokota jiwe. (Chui naye alisemwa hivyo hivyo, kwamba kafugwa na mtu mbaya. Baada ya Mapinduzi wakasakwa kwa kampeni maalumu, na leo chui wa Unguja anahadithiwa tu. Kima kaponea chupuchupu.)

Kesi ya mjomba si ya uchawi, ni ya vidaka. Nazi, kabla ya kuwa nazi, ni koroma. Kabla ya koroma ni dafu. Kabla ya dafu ni kitale. Na kabla ya kitale ni kidaka, kitu kidogo kama ngumi ya mtoto, na kidaka ndicho kima anachokipenda. Mjomba akiamka akakuta vidaka vimetafunwa vimetupwa chini ya mnazi, siku yake imeharibika. Wakaja watafiti, Thomas Struhsaker na Kirstin Siex, wakahesabu mnazi kwa mnazi: vidaka vingapi vimeliwa, nazi ngapi zimevunwa. Majibu yalitoka mwaka 1999 na hayakumfurahisha mtu huku kwetu. Mahali kima walipokula vidaka vingi, mavuno hayakupungua. Yalikuwa mengi zaidi. Mnazi huzaa vidaka kuliko unavyoweza kulea, vingi utaviangusha wenyewe, basi kima anaupunguzia tu, kama unavyong'oa baadhi ya miche ya mchicha ili mengine inenepe.

Nimemweleza mjomba haya labda mara nne. Jumapili nikajaribu ya tano.

"Mwanangu," akasema bila kuinua macho kwenye dema, "wao walihesabu minazi. Mimi nahesabu mnazi." Akaashiria kwa kidevu ule wa karibu na kisima, uliopandwa mwaka aliozaliwa. "Kidaka cha ule kikiliwa, nazi ya ule sitaiona. Hiyo hesabu yao imo humo?"

Sikuwa na jibu, na ukweli ni kwamba bado sina. Nadhani watafiti wako sahihi. Nadhani pia kwamba mtu akiambiwa kwamba hasara anayoiokota kila asubuhi kwa mkono wake si hasara, hata kama takwimu ni za kweli, kuna kitu amenyang'anywa.

Kilichotuliza ugomvi, kwa maoni yangu, si hesabu ya vidaka, ni viingilio. Sehemu ya fedha za wageni hurudi kwenye mifuko ya vijiji, na nyengine kwa wakulima ambao kima wanashinda mashambani mwao. Za mjomba huwa haziingii ndani ya nyumba. Zinatoka mkononi zinakwenda dukani kulipa deni, lakini zinakwenda. Jozani haina uzio. Hakuna waya unaomtenga kima na mhogo wetu. Kuna maelewano tu, kwamba mgeni atakuja, atalipa, na mkulima atalishusha jiwe chini. Mwaka 2020 wageni walipokatika, nilimpigia mjomba simu kumjulia hali, akanambia: "Wazungu hawaji. Kima wanakuja." Akacheka sana. Hakuokota jiwe, lakini nilijiuliza angesubiri mpaka lini.

Mchana tulikula, tukaenda kutazama makaa. Jirani anachoma ule upande wa maweni, mahali ambapo udongo ni kiganja kimoja juu ya jiwe na miti haizidi urefu wa nyumba. Mgeni anapita anaona vichaka. Humo ndimo anamojificha paa nunga, ambaye katika maisha yangu yote nimemwona mara moja, mgongo tu, na baadhi ya kima wanaishi humo pia, nje ya mpaka wa hifadhi. Shehia zina mikataba ya msitu wa jamii: hapa kata kwa kiasi, pale usiguse. Mjomba aliniongoza kama mtu anayevuka vyumba vya nyumba yake: "Hapa ruhusa. Hapa ruhusa. Hapo, ukionekana na panga, sheha anakuita." Ujana wake wote alichoma makaa humu bila kumuuliza mtu. Nilimuuliza kama anaukumbuka msitu ulivyokuwa. Akasema anakumbuka mgongo ulivyokuwa unamuuma.

Hesabu kubwa ya kima iliyotangazwa mwaka 2017 ilipata zaidi ya 5,800, karibu mara tatu ya ilivyodhaniwa. Watu walishangilia, nami nilishangilia. Lakini ripoti ile ile ilisema watoto wachache mno ndio wanaofikia utu uzima. Nilimfikiria yule mdogo na kidole chake cheusi.

Tanuri la jirani lilikuwa limeshafunguliwa, linafuka kidogo bado. Makaa magumu, ukigonga yanalia kama kigae. Nikatoa polo langu. Mjomba akalitazama lilivyokunjwa, akatabasamu, hakusema kitu.

Gari ya kurudi ilikuja karibu na alasiri. Konda alinyanyua polo juu akalifunga kwa mpira. Lilikuwepo jengine pale, la mtu wa Kitogani. Tulipofika msituni dereva akapunguza mwendo kwa sababu ya matuta. Hayo yaliwekwa miaka ya tisini, baada ya barabara kutiwa lami na magari kuanza kukimbia. Kabla yake kima alikuwa akigongwa kila wiki mbili tatu, baada yake ikawa kama wiki sita. Mimi nilikuwa nikienda skuli kwa miguu kando ya lami hiyo. Asubuhi moja nilimkuta mmoja amelala katikati, mkono umenyooka. Wenziwe walikuwa kwenye tagaa juu yake, kimya, na kima si mnyama wa kukaa kimya.

Tuta la kwanza, gari ikaruka, mama wa kiti cha mbele akashika kapu lake la mayai na kulaani waliojenga barabara. La pili, dereva akasimama kabisa. Kima walikuwa wanavuka, watano, sita, wengine kwa juu kupitia matawi, wengine chini wakikimbia kwa kurukaruka. Wa mwisho akasita katikati ya lami. Akatutazama. Kisha akainua uso, akawa anatazama juu ya gari, kwenye mapolo, muda mrefu kidogo, mpaka konda akagonga bati na dereva akatia gia.