Bali Kama Si Hivyo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Danieli 3:17-18, jibu la Shadraka, Meshaki na Abednego mbele ya mfalme Nebukadreza: "Mungu wetu tunayemtumikia aweza kutuokoa na tanuru ile iwakayo moto; naye atatuokoa na mkono wako, Ee mfalme. Bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme, ya kuwa sisi hatukubali kuitumikia miungu yako, wala kuisujudia hiyo sanamu ya dhahabu uliyoisimamisha."

Vijana hawa tumezoea kuwahubiri wakiwa ndani ya tanuru. Naomba wiki hii tuwatazame kama wanafunzi, maana ndivyo walivyoanza. Sura ya 1 inatuambia walitolewa Yerusalemu wakapelekwa Babeli, wakatiwa chini ya walimu kwa miaka mitatu wafundishwe elimu ya Wakaldayo na lugha yao. Hata majina walibadilishiwa. Mtoto wa Tanzania aliyesoma kwa Kiswahili kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, akaingia kidato cha kwanza katika shule ya kata na kukuta Baiolojia, Jiografia na Hisabati zote ziko kwa Kiingereza, anaweza kuielewa sura hii kuliko wengi wetu. Mwalimu anaeleza, yeye ananakili asichokielewa, jioni anarudi na daftari ambalo mama hawezi kumsaidia wala baba. Miezi ile ya kwanza ndiyo inayowavunja wengi moyo. Msomeeni sura hiyo wakati huohuo, ajue kwamba watu wa Mungu walishawahi kukaa darasani wakisikia lugha ya wenyewe na kutoambulia kitu, na bado wakaamka kesho yake wakarudi.

Tazameni pia walichokikataa. Walikataa chakula cha mfalme, hawakukataa darasa. Wapo wazazi waamini wanaoiogopa shule, wanaoona kwamba kijana akisoma mageuzi ya viumbe kwenye Baiolojia au historia ya dini nyingine imani yake itayeyuka. Elimu ya Babeli ilikuwa imechanganyika na unajimu na uaguzi. Danieli, mwenzao wa nne, aliisoma pamoja nao, akafaulu, na mstari wa 17 unasema wazi kwamba Mungu ndiye aliyewapa wale vijana wanne maarifa na ujuzi. Kilichowalinda kiko katika mstari wa 8: Danieli "aliazimu moyoni mwake". Kijana haazimu hivyo akiwa ugenini, mbele ya meza ya mfalme, kama nyumbani alikotoka hapakuwa na mtu aliyemwandaa.

Biblia haituambii nani alimwandaa Danieli. Ya Timotheo inatuambia. Baba yake alikuwa Myunani (Matendo 16:1), na imani aliipata kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Paulo anapomwandikia akiwa kifungoni, hamwambii apambane awe mkubwa kuliko wenzake. Anamwambia, "Ukae katika mambo yale uliyofundishwa na kuhakikishwa, kwa maana unajua ni akina nani ambao ulijifunza kwao." Anamrudisha kwa watu aliowaona kwa macho yake wakidumu.

Watoto wengi katika sharika zetu wanalelewa na bibi, na baadhi ya mabibi hao hawakupata shule. Namfahamu mmoja ambaye kila jioni, sufuria zikishaoshwa, humwita mjukuu wake aje amsomee Biblia, kwa sababu macho yake hayaoni tena herufi ndogo, na hata zamani alikuwa akisoma kwa kukongoja. Mtoto akikwama kwenye jina refu, bibi hamsaidii, maana hawezi. Anangoja. "Anza tena, baba," anamwambia, na mtoto anaanza tena mstari mzima, kidole kikiwa juu ya neno. Akimaliza, bibi anauliza swali moja tu: "Sasa hapo Bwana anasema nini?" Mtoto yule anasoma vizuri kuliko wenzake darasani na anajua Zaburi nyingi kwa moyo. Nyumba hiyo haina meza ya kusomea wala haina vitabu vya ziada. Ina mtu mzima anayengoja bila kukasirika, kila siku, hata siku za msiba na siku za njaa. Naamini hakuna semina ya malezi inayolishinda hilo.

Sasa turudi kwenye tanuru.

Kila mwaka, unapokaribia mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba na ule wa kidato cha nne mwezi Novemba, makanisa yetu mengi huwa na ibada ya kuwaombea watahiniwa. Watoto huitwa mbele na sare zao, mikononi wana kalamu, rula na mkebe wa hesabu. Wazee wanawawekea mikono, kwaya inaimba, wazazi wanafuta machozi. Ni ibada nzuri, na mtoto aliyeombewa na usharika mzima anaingia chumba cha mtihani akijua kwamba hayuko peke yake.

Kisha Januari inafika na matokeo ya kidato cha nne yanatoka. Mzazi anafungua simu, anateremsha orodha ndefu ya namba mpaka anaifikia ya mwanawe, na mbele yake herufi zimepangana: CIV 'F', HIST 'F', KISW 'D', B/MATH 'F', na daraja ni 0. Jumapili inayofuata waliofaulu wanasimama na kutoa sadaka ya shukrani, nasi tunashangilia pamoja nao, ni halali yao kabisa. Yule wa ziro hayupo. Amebaki nyumbani kwa aibu. Jumapili ya pili hayupo tena. Ikifika Pasaka ndipo mtu anauliza, hivi yule kijana aliyekuwa anapiga kinanda alienda wapi?

Hili linaniuma, wapendwa. Tuliwafundisha watoto wetu nusu ya jibu la wale vijana watatu. "Mungu wetu aweza kutuokoa" wanaijua, wanaiimba na wanaiandika kwenye majalada ya madaftari. "Bali kama si hivyo" hatukuwafundisha. Kwa hiyo mtoto akifeli, vitu viwili vinamvunjikia siku moja, shule yake na sala yake. Anabaki na mawazo mawili tu: ama Mungu hakusikia, ama Mungu alisikia na hakumtaka yeye. Hakuna mchungaji aliyemhubiria hivyo. Amejifunza kwa kuangalia nani huitwa mbele na nani haitwi.

Kumbukeni kwamba waliotoa jibu hilo hawakuwa watu walioshindwa shule wakatafuta faraja. Mfalme alipowahoji mwishoni mwa masomo aliwaona wanafaa mara kumi kuliko waganga na wachawi wote wa ufalme wake (1:20). Kwa hiyo "bali kama si hivyo" haimpunguzii mtoto bidii hata kidogo. Mwache asome mpaka usiku, afanye mazoezi ya hesabu, aombe kwa imani kwamba Mungu atamfaulisha. Lakini ajue toka akiwa darasa la tatu kwamba Mungu wake hakai kwenye karatasi ya matokeo.

Mnamkumbuka mzee Kimani Maruge wa Kenya? Serikali ya Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, mzee huyu aliona mlango wake umefunguka. Mwaka 2004, akijihesabu kuwa na miaka 84, alijiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na kaptula, soksi ndefu na mkongojo wake. Moja ya sababu alizotoa ni kwamba alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, maana hakuwa na hakika kama wahubiri walikuwa wanasema yaliyoandikwa. Wajukuu wake walikuwa shule hiyohiyo, madarasa ya mbele yake. Mwaka 2005 alisimama New York, kwenye Umoja wa Mataifa, akatetea elimu ya bure kwa watoto. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zikamtoa kwake, akawa anaishi kwenye hema kambini, na kutoka humo kambini akaendelea kwenda shule. Baadaye akahamia Nairobi katika nyumba ya wazee, akaandikishwa tena shule ya msingi huko Kariobangi. Mwezi Mei 2009 akabatizwa na kuitwa Stephen. Mwezi Agosti mwaka huohuo saratani ikamchukua, kabla hajafanya mtihani wa darasa la nane.

Cheti hakukipata. Ukimpima kwa karatasi, hana kitu. Wasimulieni watoto habari zake zote, msiishie New York. Wasikie habari za lile hema, na za mzee anayetoka kambini asubuhi kwenda kukaa na watoto wadogo wakati mali yake imeshapotea. Wasikie pia kwamba alikufa bila kufika alikokuwa anakwenda, akiwa amebatizwa. Waebrania 11 imejaa watu wa namna hiyo.

Lipo jambo ambalo lazima niliseme, kwa sababu neno la uvumilivu tunalitumia vibaya kwa watoto. Mtoto asiyeona ubaoni anahitaji kupimwa macho, msimwambie avumilie. Anayesinzia saa nne asubuhi kwa sababu hakula tangu jana anahitaji uji. Binti anayesumbuliwa na mtu mzima njiani au shuleni anahitaji mtu wa kumsikiliza leo na kulipeleka jambo hilo mbele, na aibu ni ya yule mtu mzima. Anayepigwa mpaka anaichukia shule anahitaji mzazi aende akazungumze na mwalimu. Saburi ambayo Paulo anaiandika katika Warumi 5 huzaa uthabiti wa moyo na tumaini. Kunyamaza kwa mtoto anayeumizwa hakuzai hayo, na kanisa lisilipake jambo hilo mafuta ya Maandiko.

Kwa hiyo nina ombi kwa wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa wanaosoma tafakari hii. Tuwe na ibada ya pili. Matokeo yakishatoka, wale wote tuliowawekea mikono waitwe tena mbele, wa daraja la kwanza na wa ziro, wasimame mstari mmoja bila kutajwa nani amepata nini, waombewe kwa ajili ya hatua inayofuata. Hatua zenyewe zipo. Yupo atakayekwenda kidato cha tano, na yupo atakayerudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwingine atakwenda chuo cha ufundi cha VETA kujifunza umeme au ushonaji, na huko tusiseme "ameishia VETA" kana kwamba tunatangaza msiba. Kwenye mstari huo awepo na binti aliyejifungua akiwa shuleni. Tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania imeruhusu wasichana hawa kurudi katika shule za kawaida. Mlango wa shule umefunguliwa, na akirudi darasani halafu akakuta macho ya wamama wa kanisani yanamsema, tutakuwa tumeufunga sisi.

Ibada hiyo isifanyike peke yake. Kabla ya Jumapili hiyo, wazee wawili wapite nyumba kwa nyumba walikofeli watoto. Wasiende na hotuba, wala wasimwambie kijana habari za fulani aliyefeli kisha akawa tajiri. Wakae, wanywe chai kama ipo, wamuulize anaendeleaje na wamsikilize. Kama kuna ada ya kurudia mtihani inayohitajika, waondoke wameijua ni kiasi gani, ili usharika uanze kuchanga.

Nyumbani wiki hii someni Danieli sura ya 1 hadi ya 3, sehemu kidogo kila jioni, na msomaji awe mtoto. Jengeni mazoea ya kumngoja akikwama. Mkifika 3:18, mwulizeni ni kitu gani anachokiomba sana kwa Mungu mwaka huu, na angependa familia imfanyie nini iwapo hatakipata. Jibu lake liandikeni mahali ambapo mtaliona Januari.