Peugeot ya Baba na Maji ya Kisima

Kwanza niwajibu wale wa barazani wanaoniuliza kila nikipita, mbona nisiuze hili bati, Peugeot kuukuu ya Baba, nikanunua Toyota Probox. Probox ni gari zuri. Labeba miraa, labeba wanafunzi, labeba jeneza, wala halinung'uniki. Lakini Probox halikunipeleka Malindi nikiwa mtoto, nimebanwa safu ya nyuma kabisa baina ya kikapu cha maembe na mama mmoja wa Takaungu, na Baba kule mbele ameshika gia ya kwenye usukani kwa vidole viwili huku akimsimulia abiria habari za Safari Rally, yale mashindano ya magari.

Gari letu ni Peugeot 504, ile ya safu tatu za viti. Wafaransa waliitoa 504 mwaka 1968. Ilishinda Safari Rally 1975 mikononi mwa Ove Andersson, ikashinda tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas, na Baba aliwataja wawili hao utadhani walisoma naye chuoni kwa maalim mmoja. Nilipokuwa mkubwa nikaja kujua kwamba gari la Nicolas lilikuwa kupe yenye silinda sita, wala halikuwa na udugu wa karibu na letu la silinda nne. Sikumwambia. Letu lilikuwa na sifa yake: springi nne nyuma, mbili kila upande, na makanga wake walizitumia zote bila huruma.

Alipofariki, gari lilibaki uani kwetu Mlaleo, Kisauni ya Mombasa, chini ya mwarobaini. Jirani wakaona kutu, wakasema watoto wamelitelekeza gari la baba yao. Maneno hayo yaliniuma, na tulipolifungua ndipo nilipojua hayakuwa kweli. Kutu ya juu, ile ya boneti na paa, ndiyo ya miaka ya mwarobaini, na ilikuwa nyepesi, msasa uliiondoa. Kutu iliyokula mifupa ilianza zamani, gari likiwa kazini, likipendwa. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa 1991, gari lilikuwa likivushwa kwa feri, na rashasha za maji ya bahari zikilipata tumboni. Likirudi jioni, Baba hakuingia ndani kula mpaka aliogeshe. Kwa maji gani? Ya kisima chetu. Na mtu wa Kisauni hahitaji kuambiwa maji ya kisima chetu yana ladha gani: ni ya chumvi.

Chumvi yenyewe haili chuma. Kinachokula ni hewa na maji, ila chumvi huyafanya maji kuwa njia nzuri ya umeme, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaopita baina ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Tena chumvi huvuta unyevu hewani, kwa hiyo chuma kilichokwisha kuingia chumvi hakikauki sawasawa, hata kiangazi. Baba alikuwa akilitia gari lake chumvi kila jioni kwa ndoo na kitambaa safi.

Basi amri ya kwanza niliyotoa uani ilileta kesi. Nilisema bodi lote lisuuzwe kwa maji ya mfereji, na wiki hiyo mifereji ilikuwa imekauka. Nikamwita kijana wa mkokoteni, akashusha mitungi. Mama alisimama mlangoni na leso yake.

"Gari waipa maji ya kununua, na sisi twaoga ya kisima?"

"Mama, bila hivyo kutu yarudi."

"Na nikinuka mimi, utanipiga msasa?"

Tulielewana kwamba mitungi miwili iingie ndani kabla ya mmoja kwenda kwa gari.

Kazi kubwa ilikuwa ile boksi ya chuma iliyo chini ya milango, inayotoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kwa nje ilikuwa na rangi, nzima kabisa. Rafiki yangu wa Magongo, ambaye kazi yake ni kuchomelea mageti, aliigonga kwa mpini wa bisibisi, na bisibisi ikazama. Ndani ni tupu, na chini ina vitundu vya kutolea maji. Vitundu viliziba kwa mchanga miaka mingi iliyopita, maji ya Baba yakabaki humo. Fundi mmoja tuliyemuita kutoa bei alisema tusijisumbue, atajaza faiba na pati, apige rangi, tumpe chake. Nilimpa chai akaenda zake. Boksi ile si pambo, ndiyo inayobeba gari. Ukiificha kwa pati, gari litapendeza mpaka siku ya kuruka tuta na abiria saba.

Tulikata kipande kwa kipande, upande mmoja kwanza. Kabla ya kukata, yule wa Magongo alichomelea vyuma vya kushikilia mwanya wa milango, na milango tukaiacha mahali pake ili tuone kama bodi linalala. Kila akimaliza kidogo, twafungua na kufunga mlango: ukifunga kwa sauti ileile, twaendelea. Tanki la mafuta tulilitoa tukaliweka mbali, kwa jirani, na mtoto wa dada yangu akapewa cheo cha kusimama na ndoo ya mchanga. Bati lilikuwa geji 18, jembamba. Mashine ya mageti ingelitoboa, kwa hivyo aliazima mashine ya kuchomelea kwa waya, akawa anatia nukta moja hapa, nyingine kule mbali, bati lipoe lisijikunje. Kazi yaenda polepole mpaka wakaa wa baraza wakachoka kutazama, jambo nisilowahi kuliona.

Bawaba na vyuma vidogo nilivisafisha mwenyewe kwa magadi, haya haya ya kulainishia maharage. Ndoo ya plastiki, maji ya mfereji, kijiko cha kulia cha magadi kwa kila lita 4 hivi. Chaja ya betri ya volti 12: waya hasi kwenye kitu chenye kutu, waya chanya kwenye kipande cha nondo, na viwili hivyo visigusane. Povu hupanda, kutu hulegea ikawa uji mweusi unaotoka kwa brashi. Usitumie kijiko wala sufuria ya chuma kisichoshika kutu badala ya nondo, maana hutoa sumu majini. Na ufanye nje, kwa sababu lile povu ni gesi inayowaka. Ami alifukuzwa na sigara yake. Ukitoa chuma, suuza, kausha upesi, paka rangi ya kwanza hapo hapo, la sivyo kitageuka chekundu kabla hujamaliza kunywa maji. Skrubu ndogo zililala kwenye ukwaju, ule Mama anaosugulia sinia za shaba.

Ami huyo ni seremala wa majahazi, amejifunza Lamu, na magari hayapendi. Ndiye lakini aliyeuliza swali la maana boksi mpya zilipokwisha.

"Nje mumepaka. Ndani je?"

Kwake chombo hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, mbao zinywe mpaka zishibe. Akataka tumimine sifa humo ndani. Wazo si la kuchekwa: Robert Fergusson, nahodha wa Kiskoti aliyeanzisha rangi za Rust-Oleum kule Marekani mwaka 1921, alianzia kwenye mafuta ya samaki aliyoyaona yakizuia kutu melini. Mama alisema sifa ikiingia uani yeye atahamia kwa dada yake. Tukachanganya grisi na mafuta mapya ya injini, tukapasha ndani ya maji ya moto, tukapuliza kupitia vile vitundu mpaka ikadondoka. Ami alinusa, akasema haina nguvu, ila itafaa.

Injini haikutusumbua. Silivu zake, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni za kuchomoka, fundi alitia mpya, akasafisha kabureta, ikawaka ikitoa moshi uliowaondoa paka wote. Rangi tulingojea kaskazi ikaukie. Masika rangi hushika ukungu mweupe. Binamu yangu, anayechora matatu, aliomba ubavu mmoja tu. Nimekataa. Ni nyeupe ya maziwa, kama ilivyokuwa.

Safu ya nyuma bado haina kiti. Khalati, dada yake Mama, ndiye anayeshona, kwa cherehani yake nzito ya maturubali, na safu mbili za mbele ameshazimaliza, mishono imenyooka kuliko ya kiwandani. Lakini ameniambia wazi: Ramadhani ikiingia, ni madera na kanzu za Idi za watu waliokwisha kulipa, na mimi sijamlipa.