Fundi Mitambo Aliposhusha Singeli

Wakati huo nilikuwa napiga video za sherehe Dar es Salaam: kumtoa mwali, harusi za mitaani, vigodoro vya usiku kucha. Kazi ya Mburahati ilikuja kwa simu mchana, na usiku wake nikawa uchochoroni na kamera begani, singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini, inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, vumbi limepanda mpaka kwenye taa. Anayejua vigodoro anajua: mtaa unazibwa, turubai linafungwa, spika zinapangwa chini kabisa usawa wa watu, na besi inakupiga kifuani.

Picha nzuri ilikuwa mbele ya spika, maana ndiko walikojaa wachezaji. Nikasogea. Wimbo haujaisha, fundi mitambo akanishika mkono na kunivuta hadi nyuma ya meza yake. Alikuwa mtu mzima, kazi aliianzia kwenye bendi za dansi.

“Mdogo wangu, pale hapasimamwi hivihivi.”

Akanipa vizibo viwili vya sponji, vipya. Akanionyesha kwa sikio lake: unakiviringisha kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, mkono wa pili unaupitisha juu ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, unakiingiza, unakishikilia mpaka kivimbe. Nilipomaliza, muziki ulikuwepo uleule, ila ukali wake umeondoka.

Kisha akafungua programu ya kupima sauti kwenye simu na kuinyoosha kuelekea nilipokuwa nimesimama. Desibeli 103. Hesabu aliyonipa naitumia mpaka leo: kwenye 85 mtu anaweza kufanya kazi kwa saa 8 bila kinga, kila zinapoongezeka 3, muda unakatwa nusu. Kwenye 100 ni dakika 15. Kwenye 103, dakika 8 hazifiki, na kigodoro ni mpaka asubuhi! Lakini ukirudi nyuma mpaka umbali wako na spika uwe mara mbili, mahali pa wazi zinashuka kama desibeli 6, na muda wako unakuwa mara nne. Kwenye kichochoro chenye kuta hazishuki sana hivyo, lakini zinashuka. Kinga ya hatua chache, isiyo na bei, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Yeye ilikuwa imeshamfika. Sikio la kushoto, lililokaa upande wa spika miaka yote ya bendi, lilikuwa linavuma mchana na usiku. Alisema anasikia mtu akiongea ila neno halishiki, hasa sauti nyembamba, za wanawake na watoto. Seli zenye vinyweleo ndani ya sikio, zile zinazopokea sauti nyembamba, ndizo kelele huzimaliza kwanza, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Kwa hiyo aliniambia nimsemeshe kulia.

Hapo ndipo alipowaona watoto. Walikuwa watatu, wamejibana kwenye spika, mmoja ameliegemeza shavu kabisa ili asikie inavyotetemeka. Fundi akashusha sauti yote mpaka chini.

Mtaa ukazomea. Shangazi wa mwali akaja mbio, khanga kiunoni.

“Fundi, si tumekulipa mpaka kuche?”

“Mpaka kuche, mama. Sizimi. Nawatoa wale kwanza, maana nikiita hawanisikii.”

Shangazi akageuka, akawaona. Hakubishana tena. Aliwanyanyua mwenyewe na kuwapeleka barazani kwa bibi yao, huku fundi akizungusha viti na kamba mbele ya spika. Baadaye nilisoma kuwa Shirika la Afya Duniani linampa mtoto kiwango cha chini kuliko mtu mzima: desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, mkubwa 80. Pale Mburahati hatukuhitaji kipimo. Shavu la yule mtoto lilitosha.

Singeli ikarudi, imepunguzwa kidogo, na watu wakacheza vilevile.

Shangazi alituita tena kwa harusi ya binti mwingine. Kabla ya kutaja bei alitoa masharti yake: spika zipandishwe juu, zisikae usawa wa watoto, kamba iwepo, na fundi aje na vizibo vya kutosha, vya wapishi pia, kwa sababu jiko litakuwa karibu.