Waliozungushia Tano

Mradi wetu uliwafundisha watu wanaouguza ndugu zao nyumbani: kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2 hivi ili asitoke vidonda, kumnyanyua bila kuumiza mgongo wako, kupanga dawa, na kutambua pale ambapo wewe mwenyewe umeelemewa. Madarasa yalikuwa ya jioni. Mwisho wa kila awamu washiriki walijaza fomu ya maoni, na kazi ya kuzijumlisha ilikuwa yangu.

Fomu ilikuwa ya kawaida tu, sentensi kadhaa na chini ya kila moja namba 1 hadi 5, kuanzia “sikubaliani kabisa” mpaka “nakubaliana kabisa”. Kipimo hicho alikitoa mwanasaikolojia Rensis Likert huko Marekani mwaka 1932, na sina ugomvi nacho. Awamu ile karibu kila mtu alikuwa amezungushia 5. Mratibu alifurahi, akataka wastani uingie ukurasa wa kwanza wa ripoti ya mfadhili. Lakini kando yangu lilikuwepo daftari la mahudhurio, na daftari lilisema mengine: darasa lililoanza likiwa limejaa lilikuwa limebaki nusu. Fomu walijaza waliovumilia hadi siku ya mwisho. Waliokatikia njiani hakuna aliyewauliza neno.

Nikaomba ruhusa ya kuwapigia simu. Mratibu alisita, akasema wataona tunawafuatafuata. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: nisimuulize mtu kwa nini ameacha, maana ataanza kujitetea au kuomba radhi. Sharti lile lilinisaidia kuliko alivyodhani. Nikawa nauliza tu jioni ya siku ya darasa kwao huwa inakwendaje, kisha nasikiliza.

“Mwanangu, somo zuri sana,” aliniambia mama mmoja. “Lakini nikija huko kujifunza kumgeuza mume wangu, huku nani atamgeuza?”

Mradi wa wauguzaji, na hakuna aliyefikiria nani atabaki na mgonjwa! Wengine walisema saa ya darasa ndiyo saa ya dawa. Mzee mmoja alizungukazunguka sana kabla ya kutamka kwamba zoezi la kumwogesha mgonjwa, lililofanywa wanaume na wanawake pamoja, lilimtia haya. Nikapata hamu ya kumpigia pia mmoja wa waliomaliza, nikamuuliza kuhusu zile tano zake. Akacheka. “Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa anapita kukusanya fomu. Ulitaka nimwaibishe?”

Kikao cha kuyajadili hayo kilikuwa kigumu. Niliyasoma majibu bila majina, na mwalimu akachukia. Aliona anasemwa na watu walewale waliomsifu. Aliyekituliza ni mwezeshaji mwenzetu aliyesomea maendeleo ya jamii. Alichora ubaoni ngazi ya Sherry Arnstein ya mwaka 1969, inayoonyesha wananchi wanashirikishwa kiasi gani, yenye vipandio 8: chini kabisa wananchi wanachezewa, juu kabisa wameshika hatamu wenyewe. Akatia alama kipandio cha nne, cha kuomba maoni tu. “Tupo hapa,” alisema, “na hata hapa tumewauliza waliobaki peke yao.” Baada ya hapo mjadala ukahama kutoka nani kasema nini hadi nani apange ratiba ijayo. Tukakubaliana kuwaita baadhi ya walioacha waipange pamoja nasi.

Wao ndio waliotaka darasa lifupishwe na saa ibadilishwe, zoezi la kuogesha litenganishwe, na wapatikane wa kujitolea kukaa na wagonjwa. Fomu zikaanza kukusanywa na mtu asiyefundisha. Mlangoni tukabandika karatasi yenye safu mbili, mlichosema na tulichofanya. Safu ya pili ilikuwa na mstari mmoja mchungu: “Nauli hatuwezi kulipa, bajeti haina.” Mratibu alitaka uondolewe. Nilishikilia ubaki, na ndio uliosomwa na kuzungumzwa kuliko yote. Washiriki kadhaa wakaanza kupanga wenyewe kuja pamoja.

Awamu iliyofuata watu walikaa mpaka mwisho, na wastani wa alama ukashuka. Nyuma ya fomu, mahali ambapo zamani palikuwa peupe, palijaa malalamiko: mwalimu anakimbia, mifano haitoshi, viti vinaumiza. Mfadhili akaandika kuuliza kwa nini kuridhika kumepungua. Mratibu, ambaye zamani angeingiwa na hofu, alimtumia mahudhurio ya awamu zote mbili, wastani wa awamu zote mbili, na malalamiko yenyewe kama yalivyoandikwa.

Mojawapo lilihusu ile karatasi ya mlangoni: herufi ni ndogo, wazee hatuoni. Tukaichapa upya kwa herufi kubwa.