Upawa wa Mama

Upawa ulikuwa wa mama. Alipewa na shangazi zake alipoolewa, pamoja na sufuria za kufuatana na mbuzi ya kukunia nazi. Ulikuwa wa chuma kisichoshika kutu, mpini mrefu, wa kuchotea mchuzi wa shughuli. Ulining'inia msumarini jikoni kwetu Pangani na haukuguswa ila Idi na maulidi.

Baba, aliyekuwa daktari pale mjini, alipofariki, kila aliyekuja matangani alikuja na habari yake. Huyu alizalishiwa watoto wote, yule alitolewa kidole tumbo, mzee mmoja alinionyesha kovu la mguuni alipochomwa na samaki taa akivua. Nilizisikiliza zote na nilizihitaji. Lakini mimi mwenyewe, nikimkumbuka baba, akili hunirudisha kwenye usiku mmoja wa Ramadhani, Januari 1998. Nilikuwa darasa la sita.

Aliyeishi mwaka ule anaijua mvua ile. Tuliiita Elinino. Ilianza mwishoni mwa 1997 ikakataa kukatika. Mto wetu, unaobeba maji ya Kilimanjaro na Meru mpaka baharini, ulifura ukawa na rangi ya chai ya maziwa, na migomba mizima ilipita mbele ya mji ikienda zake baharini. Mji uko ukingo wa kaskazini. Ng'ambo ni Bweni, na nyuma ya Bweni kuna Mwera, Kipumbwi, Mkwaja, sehemu kubwa ya wilaya. Katikati palikuwa na pantoni, na usiku pantoni ililala. Kwenda Bombo, hospitali ya mkoa pale Tanga, ni kilomita 50 hivi, na msimu ule barabara ilikuwa matope matupu. Mgonjwa aliyefika mikononi mwa baba usiku, hapo ndipo alipofika.

Baba hakuwa na shahada. Alianza kama mganga msaidizi wa vijijini, akasoma akawa tabibu, kisha akaenda miaka 2 kusomea udaktari msaidizi. Wasiozijua ngazi hizi hudhani daktari msaidizi kazi yake ni kumshikia mwenzake mkasi. Katika hospitali zetu za wilaya, wao ndio walioshika kisu: mama aliyeshindwa kujifungua, ngiri iliyonasa, utumbo uliojisokota. Nalisema hili kwa sababu yeye hakuwahi kulisema.

Nyumbani mikono yake haikutulia. Alifunga uzi kwenye mguu wa meza ya chakula, na huku anatuuliza habari za shule, vidole vyake vinapiga fundo kwa mkono mmoja, fundo juu ya fundo, bila kuangalia. Alitufundisha sote watatu. Mpaka leo kamba za viatu vya wanangu nazifunga hivyo. Na kila usiku, akiwapo, alitumenyea machungwa ya Muheza, kila mtoto na lake. Kisu kikianza juu hakinyanyuki mpaka chini, ganda moja refu lisilokatika. Kisha alilikunja tena likawa kama chungwa zima, tupu ndani, akampa mdogo wangu wa mwisho. Mdogo wangu alidanganyika kila siku, au alijifanya kudanganyika ili baba acheke.

Usiku ule tumetoka tarawehe, hatujalala, hodi ikapigwa. Mlinzi wa hospitali.

"Daktari, kuna mama kavushwa kutoka Bweni. Kwa mtumbwi. Hali yake si nzuri."

Baba alivaa viatu huku anatembea. Umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu magharibi, na baada ya muda tukaisikia jenereta ya hospitali ikinguruma ndani ya mvua. Mama alisema, "Anapasua."

Kwenye saa sita mlinzi alirudi mbio. Anakwenda kumwamsha mtu wa maabara, lakini kapewa ujumbe apitie kwetu kwanza: Daktari anauomba ule upawa.

Mama hakuuliza wa nini. Miezi kadhaa nyuma, siku ya maulidi, baba aliushika upawa ule mezani, akaugeuzageuza, akaupima shingo kwa kidole, akasema siku moja atakuja kuuazima. Mama alicheka, akamwambia hospitali isije ikala mchuzi wake. Sasa aliutoa msumarini, akausugua kwa sabuni na majivu, akaukosha mara tatu, akaufunga kwa khanga safi, akanipa mimi.

"Kimbia. Usiuangushe."

Nilikimbia na tochi. Kandambili moja ilibaki kwenye matope, sikurudi kuifuata.

Nesi aliupokea mlangoni kwa chumba cha upasuaji, akaenda kuuchemsha. Mlango ulipofunguka niliona kitanda, na mwisho wa kitanda nyayo mbili. Ni hizo nilizoziona, nyayo tu. Zilikuwa nyeupe kama zimepakwa chokaa. Sikujua kuwa nyayo za mtu mweusi zinaweza kuwa nyeupe namna ile.

Kwenye benchi alikaa mumewe, shati limemgandia mwilini. Viganja vilikuwa vimechubuka kwa kasia. Walikuwa wawili tu, yeye na ndugu yake, na wote walipimwa damu. Ya mmoja haikulingana, ya mwingine vilevile. Ndugu wengine walikuwa Bweni, na mto ule usiku ule haukuwa wa kuvukwa mara mbili.

Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akaniangalia.

"Daktari ni baba yako?"

"Ndiyo."

Alinyamaza kidogo. "Mkono wake ni mzuri?"

Sikujua nimjibu nini. Nikamwambia kuwa baba anamenya chungwa na ganda halikatiki. Sikuwa na jingine. Yule baba alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu aliyepewa habari ya maana, akasema, "Basi." Tukakaa. Mvua ilipiga bati mpaka hatukuweza kuongea tena.

Yaliyotendeka ndani niliyajua baadaye jikoni kwetu. Baba alirudi imebaki robo saa adhana ya alfajiri ipigwe, mimi nyuma yake na mguu mmoja mtupu. Mama alikuwa amekaa na wali wa nazi na samaki, amevipasha moto mara mbili. Hakumuuliza kitu mpaka alipokula matonge kadhaa.

"Yuko hai?" 

"Yuko hai. Ameuliza mumewe kala daku."

Halafu akanigeukia mimi, kwa kuwa aliona nimemkodolea macho, akavuta chujio la chai na bakuli. Alikuwa hivyo, hakuona mtoto kuwa mdogo wa kuelezwa. Mimba, alisema, ilitunga kwenye mrija badala ya mji wa mimba. Mrija ni mwembamba. Ulipasuka mchana, na tangu hapo damu inamwagikia tumboni, nje halionekani hata tone. Mama wa watu analalamika bega linauma, wenziwe wanadhani kalala vibaya. Baba alimchoma sindano tumboni, ikavuta damu isiyoganda. Akajua.

"Kila mtu pale anatafuta damu," alisema, "na damu yake kaja nayo mwenyewe. Imepotea njia tu."

Alichota chai kwa kijiko, akaipitisha kwenye chujio ikaanguka bakulini. Ndivyo alivyofanya kwa upawa wa mama. Alifungua tumbo, kabla hajabana mrija akachota damu upesi upesi, nesi akaichuja kwa kitambaa cha gozi kilichokunjwa tabaka nyingi, ikaingia kwenye chupa zenye dawa ya kuzuia isigande. Chupa zikatundikwa. Damu ikarudi kwa mshipa wa mkono. Chupa 3. Damu ya namna hiyo haifai ikiwa imekaa sana, wala ikiwa utumbo umetoboka; ya yule mama ilikuwa bado nzuri. Na siku zile Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulikuwa haujaanzishwa, damu ilitoka kwa ndugu aliyekuwapo, na hofu ya UKIMWI ilikaa na kila mtu. Damu yake mwenyewe haikuwa na hofu hiyo.

"Midomo ilirudi rangi," baba alisema. Alirudia tena, si kwa kutuambia sisi. "Midomo ilirudi rangi."

"Na upawa wangu?" mama akauliza.

"Nimeupinda shingo. Ulikuwa haufiki kule chini."

Mama aliangalia msumari mtupu ukutani. "Basi uache hukohuko," akasema. Ulikaa kwenye chumba kile cha upasuaji kwa miaka, na kila nesi mpya aliambiwa ni wa nani. Idi ile mchuzi tuliuchota kwa kikombe. Yule mama alivuka kurudi Bweni na pantoni, mchana, kwa miguu yake, na mumewe alituletea nguru mzima ambaye ilibidi tumgawe kwa majirani.

Lakini hayo ni ya baadaye. Alfajiri ile baba alimaliza kula, akanawa, akaangalia saa. Zilibaki dakika tatu au nne. Kaka yangu na mdogo wangu walikuwa wamesinzia palepale kwenye mkeka, wamekula daku nusu macho. Akavuta kapu la machungwa.

"Jana usiku sikuwamenyea," akasema.

Akaanza. Kisu kikazunguka, ganda likaanza kuteremka. Mama alikuwa anakusanya vyombo. Nilipotazama tena, kichwa cha baba kilikuwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, na kisu kimesimama nusu ya chungwa. Ganda lilining'inia mpaka gotini kwake, halijakatika.

Adhana ikaanza. Nilikitoa kile kisu vidoleni mwake, kisha chungwa, nikalishika kwa mikono miwili kama yai, nikaliweka juu ya kabati pamoja na ganda lake, mpaka futari.